Miale Miwili, Fezi Moja: Jinsi ya Kujenga Benchi la Kuunganisha Leza Ukiwa Gisenyi

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa chuo au wa sekondari ya juu, na fundi wa faiba au wa umeme aliyeko Rubavu, ambaye amesikia habari za leza za femtosekunde na anataka kushika kiini chake kwa mikono yake mwenyewe. Hutatoka hapa na mashine ya kukata vioo vya simu. Utatoka na benchi dogo linalogawa mwale mmoja wa leza mara mbili, linaunganisha tena vipande hivyo viwili, na kuvizuia visiachane hata hewa ikipashwa joto au lori likipita barabarani. Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha baadhi ya leza za faiba za femtosekunde zenye nguvu kubwa zaidi.

Kwa nini faiba moja haitoshi

Leza za mapigo mafupi hutoa mwanga kwa vipande vinavyodumu femtosekunde mia kadhaa. Femtosekunde 1 ni hii: gawa sekunde mara milioni moja, kisha kila kipande ukigawe mara bilioni moja. Kwa mapigo hayo madaktari hukata konea ya jicho bila kuunguza pembeni, viwanda hukata kioo bila kukipasua, na maabara huzalisha miale ya mbali kabisa ya urujuanimno. Kila mtumiaji anataka mambo mawili kwa pamoja: nishati kubwa katika kila pigo, na mapigo mengi kila sekunde.

Faiba iliyotiwa elementi ya iterbiamu inafaa sana kwa hilo la pili. Ni nyembamba na ndefu, kwa hiyo joto hutoka upesi. Kwenye nishati ya kila pigo ndiko inakogonga mwamba, kwa sababu mwanga wote umebanwa kwenye kiini chembamba. Ndani ya kioo cha silika, nguvu ya kilele ikizidi megawati 4 hivi, mwale huanza kujikusanya wenyewe hadi kioo kinaungua. Kupanua kiini cha faiba hakubadilishi kikomo hicho. Sasa piga hesabu: pigo la milijuli 1 linalodumu femtosekunde 250 lina kilele cha gigawati 4. Umekizidi kikomo mara elfu moja.

Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester Marekani, walionyesha njia ya kukwepa: refusha pigo kwanza, likuze likiwa refu na dhaifu, kisha libane tena mwishoni. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2018. Milijuli 1 ikirefushwa hadi nanosekunde 1 ina kilele cha megawati 1 tu, na faiba inaimudu. Lakini ukitaka milijuli 10 kwa urefu uleule, unarudi kwenye megawati 10. Huwezi kurefusha bila mwisho, kwa sababu vifaa vya kubana pigo vinakuwa vikubwa kupita kiasi.

Iliyobaki ni kugawana mzigo. Pigo moja la mbegu hugawanywa kwenda njia nyingi, kila njia ina faiba yake ya kukuza, na mwishoni yote hurudishwa kuwa mwale mmoja. Kundi la watafiti wa Jena, Ujerumani, lilitumia njia hiyo mwaka 2020 na kupata wastani wa kilowati 10.4 kutoka faiba 12, kwa mapigo ya femtosekunde 254. Mwaka huohuo mradi wa XCAN huko Palaiseau, Ufaransa, ulionyesha faiba 61 zikifanya kazi kama moja. Mwaka 2023 Jena walifikia milijuli 32 kwa pigo la femtosekunde 158, mapigo 20,000 kila sekunde. Milijuli 32 ni nishati ya kuinua gramu 3 hivi hadi urefu wa mita 1. Ila kwa kuwa inatoka kwa muda mfupi kiasi hicho, kilele chake kinakaribia gigawati 200.

Fezi ndiyo kila kitu

Mtu wa Rubavu ana mfano wa kanuni hii karibu na nyumbani. Juu ya mto Sebeya kuna vituo vya umeme vya Gihira, Gisenyi na Keya. Hakuna fundi wa kituo anayefunga swichi ya kuingia kwenye gridi kabla masafa hayajawa hezi 50, volteji haijalingana, na fezi haijakaa sawa na ya gridi. Akiifunga fezi zikiwa zimepingana, jenereta hupigwa na mkondo mkubwa badala ya kusaidiana na wenzake.

Mwanga unadai hayohayo, ila kwa kipimo kidogo mno. Wimbi moja la umeme wetu huchukua milisekunde 20. Wimbi moja la leza nyekundu ya nanomita 650 huchukua femtosekunde 2.2 hivi. Kwa hiyo tofauti ya njia kati ya miale miwili hupimwa kwa nanomita. Miale hiyo ikikutana kwenye kigawa-mwale, yaani kioo cha nusu kwa nusu, mwanga hutoka pande mbili, ambazo tutaziita milango, na njia zikitofautiana hasara huja haraka:

| Njia zikitofautiana kwa | Mwanga unaotoka mlango unaoutaka |
|---|---|
| nanomita 32 (sehemu ya 20 ya wimbi) | karibu 97.5% |
| nanomita 65 (sehemu ya 10) | karibu 90% |
| nanomita 162 (robo ya wimbi) | 50% |
| nanomita 325 (nusu ya wimbi) | 0% |

Nishati haipotei. Kinachokosekana mlango huu hutokea mlango wa pili, na utaona jambo hilo kwa macho yako ukutani.

Hapa ndipo wengi hukosea tangu mwanzo: wanachukua leza mbili tofauti, wanazielekeza pamoja na kutarajia ziungane. Leza mbili zisizofungwa pamoja hazina fezi ya kushirikiana, na zikikutanishwa kwenye kioo cha nusu kwa nusu, kila mlango hupata nusu tu ya jumla. Miale yote lazima itoke kwenye mbegu moja. Benchi lako linaanza na leza moja kwa sababu hiyo.

> SANDUKU LA USALAMA: soma kabla ya kuwasha
>
> Usiangalie ndani ya mwale wala ndani ya taswira yake kwenye kitu kinachong'aa. Vua saa, pete na bangili. Panga mwale upite chini ya kiwango cha macho ya mtu aliyeketi, na weka kadibodi nyeusi nyuma ya kila kioo.
>
> Usiamini lebo. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipopima kalamu za leza 122 na kutoa matokeo mwaka 2013, karibu 90% ya za kijani na 44% ya nyekundu zilizidi kiwango kinachoruhusiwa. Baadhi ya za kijani huvujisha pia mwanga wa infraredi usioonekana. Chagua nyekundu, isiyozidi miliwati 1 ukiipata, na usizidi miliwati 5 kwa hali yoyote.
>
> Usiwaachie watoto benchi likiwa limewashwa. Usielekeze mwale dirishani, barabarani, ziwani au angani.

Vifaa

Leza nyekundu moja. Ya heliamu na neoni ya nanomita 633 ndiyo bora kama chuo chako kinayo. La sivyo, moduli ndogo ya nanomita 650 inatosha, ikilishwa na betri badala ya chaja ya simu.

Vigawa-mwale viwili vya 50/50 vyenye umbo la mchemraba. Hivi ndivyo vitu ambavyo ningekushauri ununue vipya, maana vipande vya kuokoteza hugawa vibaya na vitakuchosha bure.

Vioo viwili vilivyopakwa utando unaoakisi upande wa mbele. Usinunue. Nenda kwa mafundi wa fotokopi na printa mjini: skana na fotokopi zilizokufa zina vioo virefu vya aina hiyo, na fundi atakukatia vipande. Kioo cha kawaida cha kujitazamia kimepakwa nyuma, kwa hiyo hutoa mwale wa kweli na kivuli chake, na ukianza na hivyo hutajua kamwe unapima upi.

Vishikilio vya vioo unaweza kutengeneza kwa vipande viwili vya alumini, skurubu tatu nyembamba na springi. Ongeza diski ya piezo ya milimita 27, ile inayotoa mlio kwenye kengele na alamu, fotodayodi ya BPW34 na rezista ya kiloomu 10, Arduino, na kadi ndogo ya MCP4725 inayogeuza namba kuwa volti. Lenzi yoyote ndogo itafaa kukuza picha ukutani. Tafuta pia sanduku la kadibodi la kufunika benchi zima.

Mahali: tatizo la Gisenyi si la kupuuza

Gisenyi iko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa lenye upepo, chini ya milima ya volkano, na kwenye barabara ya malori yanayoingia na kutoka Goma. Vyote hivyo vinaingia kwenye benchi lako. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ya siku zilizofuata ilipasua nyumba na barabara Rubavu. Katika siku za kawaida ardhi hutulia kiasi cha mtu kutohisi chochote, ila mwale unahisi.

Chagua chumba cha chini chenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi. Chumba cha ghorofani hucheza kila mtu anapotembea. Tafuta bamba la granaiti la sentimita 60 kwa 60 kwa mafundi wanaotengeneza kaunta za jikoni, na uliweke juu ya tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo kidogo tu, kiasi cha bamba kuelea bila kugusa meza. Tyubu ikijazwa sana inakuwa ngumu na haizuii kitu. Chini ya meza weka mchanga ndani ya mifuko, usiweke kokoto za lava ambazo hugongana.

Fanya kazi ya kupanga vioo usiku au alfajiri, barabara ikiwa tulivu na upepo wa ziwani haujaanza. Funga madirisha. Unyevunyevu wa ziwa huacha ukungu kwenye vioo, kwa hiyo ukimaliza vihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya kufyonza maji vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Na hili nalisema kwa uzito: benchi hili litaonyesha mtikisiko wowote, ila halijui kutofautisha lori, jirani anayetwanga na mlima. Usitume ujumbe kwenye kundi lolote kwamba "mashine imeona tetemeko". Watu wa mji huu walikimbia nyumba zao mwaka 2021, na uvumi unawaumiza. Habari za volkano zitoke kwa waliopewa kazi hiyo. Wewe ukihisi ardhi ikitikisika, acha benchi na utoke nje.

Hatua za kujenga

1. Chora mraba wa sentimita 20 kila upande juu ya bamba. Kona ya kwanza weka kigawa-mwale cha kwanza, kona mbili za pembeni weka vioo, na kona ya mwisho, inayotazamana na ya kwanza, weka kigawa-mwale cha pili.

2. Kabla ya kuweka chochote kingine, washa leza na uiache dakika 20 ipate joto lake. Leza ndogo ikiwa bado inapoa au kupata joto hurukaruka kutoka urefu mmoja wa wimbi hadi mwingine, na utadhani umekosea kupanga vioo.

3. Sawazisha kimo. Kata kipande cha kadi, toboa tundu kwenye kimo cha mwale, na upitishe kadi hiyo njia nzima. Mwale upite kwenye tundu kila mahali.

4. Pima mikono miwili ya mraba, yaani njia mbili za mwale kutoka kigawa-mwale cha kwanza hadi cha pili, kwa rula na uifanye ilingane ndani ya milimita 1. Leza za bei nafuu hukumbuka fezi yao kwa umbali mfupi tu; mikono ikitofautiana sana, hutaona chochote hata ukipanga vizuri kiasi gani.

5. Kutanisha miale kwa sehemu mbili. Kwanza, madoa yote mawili yawe mahali pamoja juu ya kigawa-mwale cha pili: hapo rekebisha kimoja cha vioo viwili. Pili, yawe pamoja ukutani umbali wa mita 2 au 3: hapo zungusha kigawa-mwale cha pili chenyewe. Rudia kwa zamu. Kila zamu kosa hupungua.

6. Weka lenzi mbele ya mlango mmoja na utazame ukutani. Mistari ya mwanga na giza itatokea. Ikiwa mingi na myembamba, pembe kati ya miale bado ni kubwa: pembe ya miliradiani 1 inatoa mstari kila milimita 0.65 kwenye mwale. Geuza skurubu polepole sana mpaka mistari ipanuke na kubaki mmoja tu unaofunika doa zima. Kwa mwale wa milimita 3, hiyo ni pembe iliyo chini ya miliradiani 0.2.

7. Sasa tazama mlango wa pili kwa kipande cha karatasi. Ukuta ukiwaka, karatasi iko gizani. Ukuta ukiwa giza, karatasi inawaka. Ukifikia hapo, uunganishaji wako umefanya kazi.

Usikimbilie umeme bado. Kaa na mistari hiyo robo saa. Weka kiganja chini ya mkono mmoja wa mwanga bila kuugusa, kwa umbali wa sentimita chache: hewa iliyopashwa na ngozi yako itapanda na mistari itaanza kutambaa, kwanza polepole, halafu kwa mawimbi yasiyo na mpangilio. Nyuzi 1 tu ya joto kwenye sentimita 20 za hewa hubadilisha njia kwa karibu robo ya wimbi. Ondoa mkono, subiri, itatulia mahali pengine kabisa. Funika sanduku, rudia, uone tofauti. Lori likipita utaona mstari ukitetemeka mpaka ukawa ukungu, kisha ukarudi. Mtu aliyetazama hayo haambiwi tena kwa nini mashine kubwa zinahitaji udhibiti wa kielektroniki.

Kufunga fezi isiachane

Gundisha kipande chepesi cha kioo, cha sentimita 1 hivi, katikati ya diski ya piezo na ukiweke badala ya kimoja cha vioo vyako. Diski huinama ikipewa volti, na volti chache mara nyingi zinatosha kusogeza mwanga kwa wimbi zima.

> Angalizo: piezo ikigongwa hutoa volti nyingi kwa kishindo na inaweza kuua kadi yako. Weka rezista ya kiloomu 1 kati yake na MCP4725, na usiiguse ikiwa imeunganishwa.

Fotodayodi iwekwe kwenye mlango unaotaka uwake, ndani ya bomba jeusi ili taa ya chumba isiingie. Kisha:

1. Pandisha volti kutoka 0 hadi 5 taratibu na uandike masomo ya fotodayodi. Yatapanda na kushuka. Umbali kati ya vilele viwili, kwa volti, ni "volti za wimbi moja". Kama huoni vilele viwili ndani ya volti 5, ongeza op-ampu inayolishwa na volti 12.

2. Anza katikati, volti 2.5. Ongeza kidogo, kiasi cha sehemu ya 50 ya wimbi. Soma fotodayodi mara nne, chukua wastani.

3. Mwanga ukiongezeka, endelea upande huohuo. Ukipungua, geuza upande. Rudia mara mia kadhaa kila sekunde.

4. Ukikaribia volti 0 au 5, ruka nyuma kwa volti za wimbi moja kamili. Usipoandika mstari huu kwenye programu, benchi litafanya kazi vizuri dakika tano kisha likwame ukingoni, na utalaumu kila kitu isipokuwa programu.

5. Hifadhi masomo yote pamoja na saa.

Rudia jaribio la kiganja. Safari hii mwanga wa ukutani haupungui sana, ila volti kwenye skrini zinapanda na kushuka: piezo inasogea kufidia joto la mkono wako. Sukuma mpaka ishindwe, ili ujue mipaka yake. Hewa na joto hubadilika polepole na programu hii inayafuata. Kishindo cha mlango ni cha haraka na kitaishinda.

Pima, usikadirie

Ziba leza na uandike somo la giza. Litoe kwenye kila somo linalofuata. Kisha tafuta somo la juu kabisa na la chini kabisa mlango uleule. Gawa la juu kwa jumla ya yote mawili. Ukipata volti 1.8 juu na 0.2 chini, jibu ni 0.9: hata fezi ikiwa kamili, 90% tu ya mwanga itatoka mlango huo. Hiyo 10% iliyobaki haitokani na fezi. Inatokana na madoa yasiyopandana sawasawa, nguvu zisizolingana kati ya mikono, au mawimbi yanayotetema kwa mielekeo tofauti. Zungusha leza kwenye mhimili wake na upime tena. Mara nyingi namba hupanda. Hakuna programu itakayoponya kosa la vioo, kwa hiyo rekebisha vioo kwanza.

Makosa mengine ninayotaka uyaepuke:

- Kuongeza nguvu ya leza mistari isipoonekana. Tatizo liko kwenye urefu wa mikono au pembe, na nguvu ya ziada inahatarisha macho yako tu.
- Kutumia LDR badala ya fotodayodi. LDR ni nzito kuitikia, na programu itakuwa inafuata habari za zamani.
- Kulisha leza na Arduino kutoka chaja moja. Kelele ya umeme itaonekana kama mabadiliko ya fezi.
- Kutumia kalamu nyekundu ya kutafutia faiba iliyokatika kama leza ya jaribio. Imetengenezwa kuonekana kwa macho. Fezi yake huenda isidumu umbali wa kutosha.

Kutoka benchi hadi mapigo ya kweli

Benchi lako linatumia mwanga usiokatika. Ukiweka mapigo ya femtosekunde, masharti huongezeka. Pigo la femtosekunde 250 lina urefu wa mikromita 75 tu hewani, kwa hiyo mapigo mawili lazima yafike pamoja kwa usahihi wa mikromita chache kabla hata hujazungumzia fezi. Kila njia lazima ilirefushe pigo kwa kiasi kilekile, iwe na kioo cha aina ileile na cha urefu uleule. Na faiba moja ikikuza zaidi ya mwenzake, mwanga wake mkali hubadilisha fezi ndani ya pigo lenyewe, na piezo haiwezi kurekebisha hilo, maana inasogeza pigo zima kwa mkupuo.

Halafu kuna joto. Mita 1 ya faiba ikipata nyuzi 1 zaidi, njia ya mwanga hurefuka kwa karibu mikromita 10, ambayo ni mawimbi kama 10 ya mwanga wa nanomita 1,030 hivi wa leza za iterbiamu. Zidisha kwa faiba 12 za Jena zinazobeba kilowati, kila moja ikipata joto lake. Ndiyo maana kila njia ina piezo yake na kitanzi chake cha mrejesho, sawa na ulichojenga, ila kwa kasi kubwa zaidi.

Fundi wa faiba wa Rubavu anayesoma hapa ana kitu ambacho wanafunzi wengi wa fizikia hawana: mkono uliozoea kukata na kuunganisha faiba bila hasara. Hatua yako inayofuata ni kujenga mraba uleule ndani ya faiba kwa vigawanyaji vya kawaida vya mawasiliano. Ila mwanga wa huko ni wa nanomita 1,310 au 1,550 na hauonekani. Usitazame ncha ya faiba kamwe, hata ukiwa na hakika imezimwa. Pima kwa mita ya nguvu.

Orodha ya kukagua kabla ya kusema "imekamilika"

☐ Mikono imelingana ndani ya milimita 1
☐ Mstari mmoja unafunika doa zima
☐ Milango miwili inabadilishana mwanga na giza
☐ Somo la juu likigawanywa kwa jumla linafika 0.85 au zaidi
☐ Kitanzi kinashika saa nzima sanduku likiwa limefunikwa
☐ Programu inaruka wimbi ikifika ukingoni
☐ Kila namba imeandikwa daftarini na tarehe yake

Ukiweka alama kwenye visanduku vyote saba, usiishie hapo. Kigali kuna taasisi ya EAIFR, iliyoanza mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, na inafundisha fizikia ngazi ya uzamili na uzamivu. Trieste yenyewe huandaa kila mwaka chuo cha majira ya baridi cha mambo ya mwanga, na Kituo cha Leza cha Afrika, chenye makao Afrika Kusini, kilianzishwa mwaka 2003 kuunganisha maabara za bara hili. Huenda wote hao hupokea barua nyingi za watu wanaosema wanapenda leza. Wewe ambatanisha grafu ya saa moja ya fezi iliyofungwa, iliyopimwa Gisenyi, na namba zako zote, hata zile zisizopendeza.